Ua Lililo Juu ya Nguzo

Mtu akienda kununua mkaratusi, awe Kericho, Mufindi au Kabale, huuliza unene na urefu. Huuliza kama mti umenyooka, kama una ufa, kama ulikatwa masika au kiangazi. Mwenye shamba naye huipanga miti yake kwa matumizi: hii ni ya fito, hii imefika boriti, ile ikiachwa miaka kadhaa zaidi itakuwa nguzo ya umeme. Sijapata kumsikia mnunuzi akiuliza kama mti ule ulikuwa umekwisha kutoa maua. Ua haliezeki nyumba wala haliivishi maharage, na mara nyingi mti huwa umeangushwa kabla haujachanua vya kutosha.

Sura hii ni ya ua hilo. Huko mti ulikotoka, katika kisiwa cha Tasmania kusini mwa bara la Australia, ua ndilo lililochaguliwa mwaka 1962 kuwa nembo ya jimbo, na ndilo linaloamua kama ndege mmoja atazaa mwaka huu au hatazaa. Ninaamini kwamba dunia, na sisi wa Afrika Mashariki ndani yake, iliupokea mti huu nusu. Tulichukua shina. Mengine yalibaki kisiwani, na sasa hata huko yako hatarini.

Mikaratusi ina spishi zaidi ya 700, na karibu zote asili yake ni Australia. Ninaouzungumzia ni mmoja tu, ule ambao vitabu vya mimea huuita Eucalyptus globulus. Wakenya huuita bluu gamu, ingawa jina hilo hulibandika kwa kila mkaratusi, hata ile ya mashamba makubwa ambayo kwa hakika ni Eucalyptus grandis au Eucalyptus saligna. Bluu gamu halisi hupenda nyanda za juu zenye baridi. Ukitaka kuutambua, tazama mche wake. Majani ya utotoni hukaa mawili mawili yakielekeana, hayana vikonyo, yamelikumbatia shina lenye pembe nne, na yamepakwa nta ya rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu, ambayo hubaki kidoleni ukiyasugua. Mti ukikua hubadilika sura hata asiyejua angedhani ni mti mwingine: majani mapya huwa marefu, membamba, yaliyopinda, ya kijani iliyoiva, yananing'inia. Gome hubanduka vipande virefu na kuacha shina laini lenye mabaka ya kijivu, manjano na buluu.

Kwa asili hauna eneo kubwa. Huota mashariki na kusini-mashariki mwa Tasmania, hasa karibu na pwani, katika visiwa vya mlangobahari wa Bass, na katika sehemu chache za kusini mwa jimbo la Victoria. Mti huu uliojaa Ureno, Hispania, California, Chile, Ethiopia na milima ya kusini mwa India, kwao ni mti wa pwani ya kisiwa kimoja na majirani zake.

Mwezi Aprili 1792 merikebu mbili za Kifaransa, Recherche na Espérance, zilitia nanga katika ghuba moja ya kusini-mashariki mwa Tasmania. Kiongozi wa msafara, Bruni d'Entrecasteaux, alikuwa ametumwa kumtafuta baharia La Pérouse, aliyetoweka na watu wake wote baada ya kung'oa nanga Botany Bay mwaka 1788. Hawakumpata. Lakini ndani ya merikebu alikuwamo Jacques Labillardière, mtaalamu wa mimea, naye aliposhuka pwani alikuta miti mirefu ajabu, yenye vitunda vigumu vya umbo la kifungo cha koti. Vitunda peke yake havikumtosha. Mtaalamu wa zama zile hakuweza kuupa mti nafasi yake katika ukoo wa mimea bila kuliona ua, na maua ya mti huu yalikuwa karibu na kilele, mbali na mkono wa mtu. Mwezi Mei mti mmoja ukakatwa ili maua yapatikane. Mafundi wa merikebu nao wakaona kwamba mbao zake ni nzuri, wakazitumia kutengenezea mashua zao.

Vielelezo alivyokusanya vilipata misukosuko yake. Vita vya Ulaya vilivifanya viangukie mikononi mwa Waingereza, na ni Sir Joseph Banks wa London, mtu aliyekuwa na kila uwezo wa kuvibakiza kwake, aliyesisitiza virudishwe kwa Mfaransa aliyevitolea jasho. Mwaka 1800 Labillardière alichapisha maelezo ya mti huo katika kitabu chake cha safari, na jina alilolitoa ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Nimekaa juu ya kisa hiki kwa sababu ndani yake mambo mawili yalitokea pamoja: mti uliangushwa kwa ajili ya ua, kisha ukaonekana una mbao. Kwa miaka mia mbili iliyofuata neno la pili ndilo lililosikika. Watu wa Lyluequonny, ambao Wafaransa walikutana nao kwa amani waliporudi ghubani mwaka 1793, walikuwa wakiishi katika misitu ile, na wazee wao walikuwapo Tasmania kwa miaka ipatayo 40,000. Baada ya muda mfupi walowezi wa Kiingereza waliwasili, na watu wa asili ya kisiwa wakapokonywa ardhi yao pamoja na misitu hiyo.

Sasa ua lenyewe. Tumba la bluu gamu ni gumu, lina mbavu nne, lina vinundu, na limefunikwa nta nyeupe. Halina petali za kutazamwa. Petali zimeungana zikawa kifuniko kimoja, nacho kimekaa juu ya tumba kama kawa juu ya sinia. Chini yake stameni zimekunjamana kwa wingi. Zinapokua huusukuma mfuniko huo mpaka unakatika kwenye mzingo wake na kuanguka chini, na hapo stameni hunyooka kuwa shada la rangi ya maziwa lenye upana wa sentimita nne hivi. Ukipita chini ya mti unaochanua utavikuta vifuniko hivyo vimetapakaa ardhini, na mara nyingi hiyo ndiyo dalili pekee kwa mtu asiyeinua kichwa.

Katikati ya shada kuna kikombe, na ndani ya kikombe kuna mbochi. Mikaratusi mingi hutoa maua madogo madogo kwa vishada. Bluu gamu wa Tasmania kwa kawaida hutoa ua moja moja kwapani mwa jani, na ua hilo ni kubwa, lina mbochi nyingi kuliko anavyoweza kuimaliza mdudu. Hii si sadaka ya mdudu. Ni chakula cha mnywaji mkubwa.

Na mnywaji huyo ana kazi ya kulipia. Ua likifunguka, chavua hutoka kwanza, na sehemu yake ya kike huwa tayari siku kadhaa baadaye. Mti haukatai kabisa kujichavusha, kwani matawi yake hayachanui yote siku moja, lakini mbegu zitokanazo na chavua yake yenyewe huwa chache na miche yake huwa dhaifu. Unachohitaji ni mbebaji anayetoka mti mmoja kwenda mwingine, tena mwenye kichwa kikubwa cha kutosha kuigusa chavua anapoinama kunywa.

Mbebaji bora ni kasuku. Wataalamu humwita Lathamus discolor. Waaustralia wamempa jina kutokana na kasi ya kuruka kwake, nami nitamwita kasuku-mbio. Ana urefu wa sentimita 25 hivi. Mwili ni wa kijani, uso mwekundu kuzunguka mdomo, utosi una buluu, na chini ya mbawa kuna wekundu unaoonekana anapopita juu yako. Ncha ya ulimi wake ina vinyweleo vya kufyonzea mbochi na kukusanyia chavua. Watafiti wa Tasmania walipowalinganisha wageni wa ua la bluu gamu waligundua kwamba ziara moja ya kasuku huyu hulifanya ua lishike mbegu nyingi kuliko ziara ya nyuki wa asali. Nyuki huyo si mwenyeji wa Australia. Aliletwa na walowezi, naye huweza kunywa pembeni mwa kikombe bila kuigusa sehemu inayopaswa kuguswa.

Kasuku-mbio ni mmoja wa kasuku wachache mno duniani ambao kila mwaka huvuka bahari kwa majira. Wakati wa baridi ya kusini hukaa bara, Victoria na New South Wales, akifuata maua ya mikaratusi mingine. Kuanzia Agosti huvuka mlangobahari wa Bass, wenye upana wa kilomita 240 hivi, kwenda Tasmania kuzaa. Hana mahali pengine pa kuzalia duniani. Hata ndani ya Tasmania hazai popote anapopenda. Huzaa pale ambapo mwaka huo bluu gamu umechanua vizuri, au mkaratusi mwingine uitwao Eucalyptus ovata.

Tatizo ni kwamba bluu gamu hauna ratiba ya kuaminika. Mwaka mmoja bonde zima litajaa maua. Mwaka unaofuata bonde lile lile litatoa machache au lisitoe, na neema itakuwa imehamia rasi nyingine au kisiwa cha jirani. Kasuku wanajua hivyo. Kundi zima huhama, likafika pale penye maua, likatafuta matundu karibu, likazaa, na mwaka wa pili likaondoka. Kwa hiyo haiwezekani kuchora mstari kuzunguka msitu mmoja na kutangaza kwamba ndege huyu amehifadhiwa. Msitu usio na hata kasuku mmoja mwaka huu unaweza kuwa ndio pekee watakaouhitaji miaka mitatu baadaye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia wamekuwa wakiwafuatilia mwaka hadi mwaka katika mashariki yote ya kisiwa, na jambo hilo ndilo ramani zao zinalolionyesha.

Kuna sharti la pili, na hili ndilo linalofanya habari ya mti mzee kuwa nzito. Kasuku-mbio hajengi kiota. Hutaga katika tundu la mti. Tundu la kumfaa halitobolewi na ndege yeyote wa Tasmania, kwa kuwa kisiwa hicho, na Australia nzima, hakina kigogota. Tundu huja lenyewe: tawi linakatika kwa upepo, moto unaunguza jeraha, kuvu wanaingia, kiini kinaoza polepole huku mti ukiendelea kuishi. Jambo hilo huchukua zaidi ya miaka 100. Tena miti mikubwa ndiyo inayochanua mara nyingi zaidi na kwa wingi zaidi. Kwa hiyo mti wa miaka 15, hata uwe umenyooka na kuwa mnene namna gani, kwa kasuku una meza ndogo na hauna chumba cha kulala. Ni mti wa miaka 150 unaompa vyote viwili. Huo, kwa macho ya mfanyabiashara wa mbao, umekwisha kuoza.

Wenye matundu wengine pia wapo. Katika karne ya 19 aliletwa Tasmania mnyama mdogo wa usiku kutoka bara, mmoja wa wale wenye mfuko wa kubebea mtoto, ambaye ana ngozi pana kati ya mkono na mguu inayomwezesha kuteleza hewani kutoka mti hadi mti. Ana sura ya kupendeza na kwa muda mrefu hakuna aliyemdhania ubaya. Mwaka 2014 mtafiti Dejan Stojanovic na wenzake walitangaza walichokinasa kwenye kamera zilizowekwa kwenye matundu: mnyama huyu huingia usiku, humuua jike aliyelala juu ya mayai, kisha hula mayai. Mahali fulani katika kisiwa kikuu viota vingi viliangamia kwa namna hiyo. Kwa kuwa wanaouawa ni majike, madume wamezidi, na dume asiye na mwenzi huwasumbua waliokwisha kupatana. Visiwa vya Bruny na Maria havina mnyama huyo, na huko vifaranga hupona vizuri zaidi.

Watafiti hao walijaribu dawa ambayo kwangu inaonyesha bidii isiyochoka. Walitundika masanduku ya kutagia yenye mlango mdogo wa mashine na kihisi cha mwanga. Giza likiingia mlango unajifunga na jike amelala salama, kukipambazuka unafunguka. Inafaa kusifiwa, lakini wenyewe wamesema wazi kwamba sanduku halitoi mbochi. Wala huwezi kulitundikia kila bonde ambalo mti unaweza kuamua kuchanua.

Kasuku hawa wamebaki wangapi? Makadirio ya karibu mwaka 2020 yanataja ndege wazima wapatao 750, na wapo wataalamu wanaohofia kuwa ni pungufu zaidi. Orodha ya kimataifa iliwaweka mwaka 2015 katika daraja la walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Mwaka 2023 Waaustralia walipopiga kura ya ndege wa mwaka walimchagua huyu. Kura hiyo haikusimamisha msumeno. Misitu ya bluu gamu iliota kwenye ardhi nzuri karibu na pwani, na ardhi nzuri ndiyo iliyotakiwa na wafugaji wa kondoo tangu mwanzo wa ukoloni, kwa hiyo sehemu kubwa ilifyekwa zamani. Kilichosalia kimegawanyika vipande, na ukataji wa misitu ya asili ya Tasmania ungali ukiendelea katika maeneo ambayo ndege huyu hupita. Sioni namna ya kulisema jambo hili kwa upole: serikali iliyoliweka ua la mti kuwa nembo yake, kisha ikaruhusu miti mizee inayolibeba iangushwe, imekosea.

Wakati huo huo mti wenyewe hauna hofu ya kutoweka. Umekuwa mmoja wa miti iliyopandwa sana duniani. Aliyeusambaza zaidi ya wote ni Ferdinand von Mueller, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa bustani ya mimea ya Melbourne kuanzia 1857 hadi 1873, mtu aliyeandika barua bila kuchoka na kutuma mbegu kila alikoombwa. Rafiki yake Prosper Ramel aliupeleka Ufaransa na Algeria. Mbegu za bluu gamu ni ndogo mno, zinaingia kwenye bahasha, na mche wake unakua kwa kasi iliyowashangaza watu waliozoea kungoja mwaloni.

Wakati ule watu wa Ulaya waliamini kwamba malaria hutokana na hewa mbaya ya madimbwi. Mti wenye harufu kali kiasi hiki, walifikiri, lazima uisafishe hewa. Watawa wa abasia ya Tre Fontane, nje kidogo ya Roma, mahali palipokuwa na sifa mbaya ya homa, walianza kuupanda karibu mwaka 1870, na monasteri hiyo imekuwa ikitengeneza kinywaji kikali cha majani yake. Mwaka 1897 Ronald Ross, akifanya kazi India, alionyesha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Harufu haikuwa imefanya chochote. Kama mti ulisaidia mahali fulani, ulisaidia kwa kunywa maji ya dimbwi, pamoja na mifereji iliyochimbwa kwa majembe.

Ethiopia ni habari nyingine, na ni habari ya fahari. Addis Ababa ilianzishwa mwaka 1886, na katika miaka michache kuni zilikwisha milimani mwote. Mfalme Menelik II alifikia kupanga kuuhamishia mji mkuu Addis Alem, magharibi yake. Wafalme waliotangulia walikuwa wakifanya hivyo: kuni zikiisha, mji unahama. Bluu gamu, ulioletwa katikati ya miaka ya 1890, ulikua haraka kuliko haja ya watu, na mji ukabaki ulipo. Vilima vya Entoto vikajaa mti wa Tasmania, na kwa vizazi wanawake wa mji ule wameshuka na mizigo ya matawi na majani mgongoni, mizito kupita kiasi. Sijui mji mwingine mkubwa barani Afrika uliosimama kwa sababu ya mti mmoja wa kigeni.

Kwetu mikaratusi ilianza kupandwa mwanzoni mwa karne ya 20. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na vichwa vya moshi vilitaka kuni. Baadaye viwanda vya chai vikazitaka, kisha nguzo za umeme na simu. Kisiki cha mkaratusi huchipua baada ya kukatwa, kwa hiyo mkulima hupanda mara moja na kuvuna tena na tena. Majani nayo yana kazi yake. Mtu akibanwa na mafua hujifunika shuka juu ya sufuria na kujifukiza, na mwaka 2020, wakati wa Korona, nyungu za mkaratusi na mchaichai zilifuka katika nyumba nyingi za Tanzania. Kinachofungua pua ni sinioli, mafuta yanayotoka kwenye vitezi vidogo ndani ya jani. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayoufanya mti ushike moto vibaya. Ureno, ambako bluu gamu umeenea hekta zaidi ya 800,000, mwezi Juni 2017 moto uliopita kwenye misonobari na mikaratusi ya Pedrógão Grande uliua watu 66. Mwaka huo huo bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuzuia mashamba mapya ya mkaratusi.

Lawama tunazoujua nazo huku ni za maji. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye ardhi oevu na kingo za mito. Agizo lilikuwa la haki. Mti unaokua kwa kasi hiyo hunywa kwa kasi hiyo, na kuupanda kwenye chemchemi ni kuikausha chemchemi. Lakini nasikia watu wakiuita mti wa shetani, mti wa mkoloni, mti usiofaa kiumbe chochote, na hapo naona tunausingizia. Haukuja kwa miguu yake. Tuliutoa mahali ulipolisha kasuku, vipanya-mfuko, popo na wadudu wasiohesabika, tukaupanda kwa mistari, tukaukata ukiwa mtoto, kisha tukashangaa kwamba chini yake hakuna ndege anayeimba.

Mahali ulipoachwa uzeeke, hata huku, mambo hubadilika. Kwenye uwanja wa shule ya misheni, kando ya kanisa la zamani au kwenye njia ya kuingilia shamba la chai, imebaki mikaratusi mikubwa ambayo hakuna aliyejali kuikata. Simama chini yake msimu wa maua usikilize. Nyuki wetu wamejaa juu, na chozi wanapigana kwenye matawi ya nje. Wafugaji wa nyuki wa nyanda za juu wanaijua miti hiyo na huweka mizinga karibu. Hata hivyo chozi si kasuku-mbio, na ua lile halikutengenezwa kwa mdomo wake mwembamba.

Ghuba ambamo Labillardière aliliona ua hili kwa mara ya kwanza leo inaitwa Recherche Bay, kwa jina la merikebu yake. Mwanzoni mwa karne hii msitu wa rasi ya kaskazini-mashariki ya ghuba hiyo, uliokuwa mali ya watu binafsi, ulipangiwa kukatwa. Watu wa Tasmania walipinga kwa miaka. Mwaka 2003 yalipatikana mabaki ya mawe yanayoaminiwa kuwa ya bustani ya mboga iliyolimwa na mtunza bustani wa msafara ule, Félix Delahaye. Mwaka 2005 eneo likaingizwa katika orodha ya urithi wa taifa, na mwaka 2006 shirika la hifadhi ya ardhi la Tasmania, likisaidiwa kwa fedha na mfanyabiashara Dick Smith, likainunua ardhi hiyo na kuusimamisha msumeno. Rasi hiyo imeokoka. Mabonde mengine ya mashariki ambako ua huchanua kwa zamu hayajapata mnunuzi.

Msomaji wangu huenda asifike Tasmania, wala sauti yake isisikike huko. Lakini wengi wetu tuna shamba, au baba na shangazi wenye shamba, na jambo la kufanya lipo. Ng'oa mkaratusi ulio kwenye chemchemi. Iache michache ya mpakani izeeke, mbali na maji na mbali na paa la nyumba, nyuki wapate kitu. Na kama shambani kwako umesimama mti wa kienyeji, mvule au mkuyu, wenye pango shinani, usiukate kwa kuwa eti umeoza na hautoi ubao. Hondohondo naye hutaga tundu la mti, na tundu hilo limechukua miaka mingi kupatikana kuliko umri wako.